Besi ya Baba

Mwezi uliopita nilipeleka kabati letu la vyombo kwa fundi seremala, kwa sababu mlango wake ulikuwa umeachia. Fundi alikuwa anapasha gundi ya mbao kwenye kikopo juu ya mkaa. Nilipovuta pumzi tu, nikajikuta nimekaa kwenye rundo la mbao zake bila kukaribishwa.

"Vipi dada, jua?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni jua. Ningeanzaje kumweleza kwamba harufu ile kwangu ni harufu ya sebule yetu ya Igoma, katika mwaka ambao baba yangu alitaka kuyazibua masikio ya pacha wangu kwa muziki?

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na kibanda chake kilikuwa karibu na barabara ya Musoma. Siku za kazi alinuka chuma kilichoungua. Jumapili alinuka sabuni na kuimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akifungua mdomo kuimba, watoto wa benchi la mbele waligeuka kutafuta ile sauti imetoka wapi. Mimi na Kulwa hatukugeuka. Tuliijua. Tulitazamana tu na kucheka, kwa sababu ile sauti ilikuwa ya kwetu.

Kwaya yao ilipokwenda kurekodi kaseti mjini, nyumbani kulikuwa kama sikukuu. Baba aliileta kaseti akiwa ameifunga kwenye leso, akaitia kwenye redio yetu yenye spika mbili ndogo, moja kila upande. Tukakaa wote kwenye benchi refu la mbao lililokuwa kando ya ukuta, kusikiliza. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Baba akawa amekunja uso.

"Mbona mimi sipo?" akauliza.

"Labda ulikuwa umetoka kunywa maji," mama akasema, na sote tukacheka mpaka Kulwa akashikwa na kwikwi.

Ilikuwa kweli kabisa. Sauti za kina mama zilisikika zote, kali kama filimbi, na zile za juu za wanaume zilikuwepo kwa mbali. Lakini pale baba alipotakiwa kuingia palikuwa na kitu kama mtu anayekohoa chumba cha pili. "Hizi spika hazina kifua," akatuambia. Kuanzia siku hiyo akaanza kuzitafutia kifua.

Kwanza alizitoa mezani akazisogeza kwenye kona, migongo yake ikielekea ukutani, na kweli sauti ikanenepa kidogo. Akafungua visanduku vyake, akaziba nyufa zote kwa gundi ya mbao. Bibi alikuwa amelima pamba mwaka ule, akatuletea mfuko wa pamba mbichi. Mimi na Kulwa tukapewa kazi ya kutoa mbegu ili baba aitandaze ndani ya spika, sauti isigongegonge ubao. Siku nyingine aligundua kwamba nyaya za spika moja zilikuwa zimeungwa kinyume. "Mnaona?" akatuonyesha kwa viganja vyake viwili. "Huyu akisukuma, huyu anavuta. Wanauana wenyewe kwa wenyewe." Alipozigeuza, kile kikohozi cha chumba cha pili kikawa mtu, na yule mtu alikuwa baba. Kulwa alipiga makofi. Alikuwa anavaa gauni la njano lenye mfuko uliochanika, na mbegu za pamba zilikuwa zikimwagika kutoka mfukoni kila aliporuka.

Hiyo ndiyo picha yangu ya mwisho ya Kulwa anayesikia.

Homa ilimwanza shuleni. Jioni shingo ilikuwa ngumu na alilia mtu akiwasha taa. Baba alimbeba hadi barabarani, na mimi nikaachwa kwa jirani nikiwa nimeshika kandambili yake moja iliyodondoka. Walikaa hospitali muda mrefu, mpaka nikaanza kusahau kusogea upande wangu wa kitanda. Aliporudi alikuwa na macho makubwa na miguu myembamba. Nikamwambia, "Kulwa, nimekutunzia kandambili yako." Akanitazama mdomo. Nikarudia. Akaendelea kunitazama mdomo, halafu akageuka kumwangalia mama kana kwamba ndiye aliyepaswa kujibu.

Majirani walipouliza, mama aliwaambia, "Masikio yameziba."

Nami nikaelewa hivyo hivyo. Bomba la nyuma ya nyumba yetu liliwahi kuziba, baba akaleta pampu, akasukuma kwa nguvu, uchafu ukaruka na maji yakapita. Niliamini kwamba ndani ya masikio ya Kulwa kuna kitu, na kwamba siku moja kitatoka. Kila asubuhi, kabla hajaamka vizuri, niliinua kichwa chake nikakagua mto. Nilitafuta kitu ambacho sikujua sura yake: labda kama nta, labda kama mbegu. Mama alinikuta siku moja nikifanya hivyo.

"Unatafuta nini, Doto?"

"Kilichoziba."

Mama alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

Nilidhani kosa hilo lilikuwa langu peke yangu, kwa kuwa nilikuwa mtoto. Kumbe baba naye alifikiri kama mimi, au alitaka kufikiri hivyo. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba homa ile imeharibu masikio na kwamba hayatarudi. Mama aliyasikia maneno hayo na kuyabeba hadi nyumbani. Baba aliyaacha hukohuko hospitali. Wiki ile ile alinunua mbao za playwudi na kuanza kutengeneza boksi kubwa.

Sasa kazi ile haikuwa na mzaha tena. Alitoa spika zetu kwenye visanduku vyake vidogo akazipachika kwenye boksi lililonifika kifuani. Akatoboa tundu mbele na kuingiza kipande cha bomba la maji la plastiki, kwa sababu mtu fulani alimwambia besi inahitaji mahali pa kupumulia. Likisikika vibaya, alilitoa bomba akalikata fupi zaidi, akalirudisha. Mageti ya watu yalilala kibandani bila kuchomelewa, na wenyewe wakaanza kuja nyumbani kuulizia. Harufu ya gundi ilikaa kwenye mapazia, kwenye ugali, kwenye nywele zetu. Mwisho akaligundua jambo lililomfurahisha sana: boksi likiwekwa juu ya lile benchi refu, mdundo unakuwa mkubwa mara dufu.

Siku alipolijaribu hapo, Kulwa alikuwa amekaa mwisho wa benchi akichezea kijiti. Baba akawasha kaseti ya kwaya. Besi ilipoingia, Kulwa akaacha kijiti. Akainua uso, akafungua mdomo, akacheka, kicheko kile kile cha zamani.

"Amesikia!" baba akapiga kelele. "Mama Kulwa, njoo! Mwanangu amesikia!"

Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia kabla ya siku ile. Alipiga magoti mbele ya Kulwa akawa anaimba pamoja na kaseti, na Kulwa akawa anampapasa mashavu. Mimi nilikimbilia chumbani kuukagua mto, ingawa ilikuwa mchana.

Kanisani baba alitoa ushuhuda. Watu wakasimama, wakashangilia. Lakini nyumbani mambo hayakulingana na ushuhuda. Mama alimwita Kulwa kutoka jikoni, na Kulwa hakuja. Mbwa wa jirani alibweka nyuma yake, na hakushtuka. Maneno yake nayo yalianza kuchakaa. Kwanza yalipoteza ncha, kisha yakapoteza katikati, mpaka nikawa mimi peke yangu ninayejua kwamba "aa-i" ni maji na "oo-o" ni mimi.

Mwalimu mmoja, Perpetua, aliyefundisha watoto viziwi katika shule ya bweni, alisikia habari zetu akaja kutuona. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, kisha akachuchumaa mbele ya Kulwa na kumsalimia kwa mikono. Kulwa alikodoa macho kama mtu aliyeonyeshwa pipi.

"Baba, mlete mapema," mwalimu akasema. "Sasa hivi hana lugha hata moja. Ile ya mdomo inamponyoka, na ya mikono bado hajapewa. Mtoto hawezi kukaa hivyo."

"Mwalimu, nashukuru kwa kuja," baba akajibu. "Lakini mwanangu si bubu. Mwanangu anasikia. Masikio yanafunguka taratibu."

"Anasikia nini, baba?"

"Ananisikia mimi."

Siku chache baadaye, mimi na Kulwa tulitumwa chumvi. Yeye alitangulia kuvuka barabara. Pikipiki ilikuwa inakuja, ikapiga honi, ikapiga tena, na Kulwa akaendelea kutembea polepole akiangalia vidole vyake vya miguu. Nilimvuta kwa gauni. Pikipiki ilipita na kioo chake kikamkwaruza mkono. Mwendeshaji alisimama mbele akarudi akitukana, "We mtoto, kiziwi?" Alipomwona Kulwa akimtazama mdomo bila kuelewa, akafuta vumbi kwenye tangi la pikipiki yake, akaondoka.

Baba alipousikia mkasa huo alisema Kulwa alikuwa na mawazo tu. Mama aliinuka mezani akiwa hajala.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba alialika wanakwaya nyumbani waje kuona kwa macho yao. Walijaa sebuleni, wengine wakasimama mlangoni. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi akichambua mchele kwenye ungo. Baba alikuwa anajaribu boksi kabla ya kuanza, na kila besi ilipopiga, nilikuwa natazama punje za mchele zikirukaruka kwenye ungo. Niliipenda sana ngoma ile ya mchele. Nikamgusa mama, "Ona, inacheza." Mama alitazama punje. Akaweka kiganja chake kwenye ubao wa benchi na kukiacha hapo. Halafu akaondoka na ungo wake, akasimama kando ya dirisha.

Baba alimketisha Kulwa kwenye benchi akielekea ukutani, ili asione mtu yeyote. Alikuwa ameshamfundisha: ukisikia, nyosha mkono. Akazima, akasubiri, akawasha. Mkono wa Kulwa ukanyooka. Akazima, ukashuka. Akawasha tena, ukanyooka. Watu wakapiga vigelegele, na Mama Neema, aliyeimba sauti ya kwanza, akaanza kuporomosha pambio. Baba alisimama katikati ya sebule akiwa amefumba macho.

"Baba Kulwa," mama akasema. "Mara moja tena."

Alipita katikati ya watu, akamwinua Kulwa kutoka kwenye benchi, akasogea naye katikati ya chumba. Akamsimamisha juu ya godoro dogo alilolivuta kutoka chumbani, akamgeuza uso uelekee mlangoni.

"Washa sasa," akasema.

"Unataka nini, Mama Kulwa?"

"Washa tu, baba."

Baba akawasha. Kwaya ikaanza. Baba hakuangalia mtu, aliongeza sauti mpaka mwisho, hata vikombe vikagongana kabatini. Sauti yake mwenyewe ilitoka kwenye lile boksi, nene na safi kuliko tulivyowahi kuisikia. Ile ndiyo siku kazi yake ilipokamilika. Kulwa alisimama kwenye godoro, mkono wake ukiwa tayari ubavuni, macho yakimcheza. Alisubiri. Wimbo ukafika katikati. Akageuka nyuma kutuangalia, akamtazama baba, akainua mabega kidogo, kama anayeuliza: mbona hamuanzi?

Baba alizima. Mama Neema alikuwa wa kwanza kutafuta viatu vyake.

Walipoondoka wote, mama alisema kwa sauti ya chini, "Sikutaka kukuaibisha."

"Ungeniambia tukiwa wawili."

"Nimekuambia tukiwa wawili. Nimekuambia mara ngapi?"

Kesho yake baba alisema amepata kazi ya kuchomelea madirisha Nansio, kwa kaka yake. Alichukua mkoba wa vifaa akapanda feri. Aliniaga mimi, akamuaga mama. Mbele ya Kulwa alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ameudhika na Kulwa kwa kushindwa mtihani, na nikamchukia kwa ajili hiyo kwa muda mrefu. Leo nina watoto wangu, na nadhani alikuwa amegundua tu kwamba hana njia ya kumuaga.

Hakurudi haraka. Mama hakumsubiri. Alifunga nguo za Kulwa kwenye sanduku la bati, akamwendea Mwalimu Perpetua, na shule ikampokea. Siku ya kumpeleka, Kulwa alidhani tunakwenda wote. Alinishika mkono hadi getini, na mama alipotuachanisha alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndefu, ya chini, isiyo na neno ndani yake. Nilirudi nyumbani nikalala kando ya kitanda, upande wangu, nikamwachia nafasi yake.

Baba alipotoka Nansio aliingia ndani, akaona msumari wa kutundikia gauni la njano hauna kitu.

"Umempeleka?"

"Nimempeleka."

Akakaa. Baada ya muda akalitoa lile boksi nje na kulivunja mbao moja moja, bila hasira, kama anavyong'oa geti la mtu aliyehama. Jumapili hakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, wala iliyofuata. Walimfuata nyumbani, wakambembeleza, wakachoka. Hakuimba tena.

Kulwa alirudi likizo akiwa amenenepa, na mikono yake haikutulia. Alikuwa na mambo mengi ya kusimulia na hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa. Nilisimama mbele ya pacha wangu kama mgeni. Mama alijaribu, akakosea, Kulwa akacheka, mama naye akacheka. Baba aliangalia sahani yake. "Mikono chini," akamwambia. Kulwa hakuelewa, basi baba akaishika mikono yake akaibana mezani. "Chini. Tunakula."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu kwa miaka. Mimi nilijifunza lugha ya Kulwa nyuma ya banda la kuku, likizo baada ya likizo, na mama akajifunza kiasi cha kumtosha. Baba hakujifunza. Alikuwa akisema, "Doto, mwambie dada yako ada imelipwa." "Doto, mwulize anataka viatu vya aina gani." Kulwa alikuwa amekaa palepale, hatua mbili kutoka kwake. Kwa mikono aliniuliza, "Kwa nini hanitazami?" Nikamjibu kwamba baba amechoka. Alijua ninadanganya, na alinionea huruma.

Tulikua. Kulwa akasomea ushonaji, akafungua duka la nguo mjini, akampata mwenzake, kijana kiziwi wa kutoka Musoma, mpole, mwenye mzaha. Posa ilipoletwa, baba alipokea kila kitu kama ilivyotakiwa, na mimi nilisimama katikati yao nikitafsiri mpaka mabega yakaniuma. Wageni walipoondoka aliniita uani.

"Doto. Nifundishe kusema 'karibuni'. Kwa mikono."

Nilimfundisha hiyo tu. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimejaa makovu ya cheche, na kila alipokosea aliificha mikono mgongoni kama mtoto.

Siku ya kumuaga Kulwa, ukumbi ulijaa ndugu zetu na marafiki zake wa shule, meza nzima nzima zikiongea kwa mikono. Mshereheshaji alimwita baba mzazi atoe neno. Nilisimama tayari kutafsiri. Baba alikipokea kipaza sauti, akakitazama, akakirudisha. Akanionyesha kwa kichwa nikae.

Akainua mikono. Karibuni, akasema, vizuri kabisa, na zile meza zikapunga mikono juu kumshangilia. Nilidhani amemaliza. Lakini hakukaa. Alimgeukia Kulwa akasema, polepole, ishara moja moja, Mimi baba yako. Kisha akasema jambo jingine. Hayo yote sikumfundisha mimi, na hilo la mwisho sikulielewa kwa sababu vidole vilikuwa vimepinda vibaya. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amemwendea Mwalimu Perpetua, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, akamwomba amfundishe maneno hayo machache. Alirudia.

Kulwa aliinuka kwenye kiti chake cha bibi harusi mtarajiwa, akaburuta gauni mpaka mbele ya baba. Akaishika mikono yake. Akamkunja kidole kimoja, akamnyoosha kingine, akaisogeza mahali panapotakiwa, kisha akarudi nyuma kidogo ili amwone vizuri, akamwashiria aanze upya.

Baba akaanza upya. Safari hii sote tulioijua lugha ile tulimwelewa.

Nilichelewa, alikuwa anasema. Nilichelewa.